UZI: Pampu ya bluu inafungua kifua, uvimbe inauacha palepale. Tuzungumze dawa za pumu na namna zinavyofikishwa mapafuni

#1 MfamasiaMoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za asubuhi. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka mezani.

Kuna kijana wa bodaboda ananunua pampu ya pumu dukani kwangu, ile ya bluu, salbutamoli. Mwaka jana nilianza kuweka alama kwenye daftari kila anapokuja. Kufika Desemba alama zilikuwa 19. Pampu moja ina mipulizo 200, kwa hiyo kijana huyu alivuta wastani wa mara kumi kwa siku, mwaka mzima. Anakuja, analipa, anavuta mara mbili palepale kibarazani, kifua kinafunguka, anawasha pikipiki anaondoka. Hajawahi kununua dawa nyingine ya pumu, na anajiona ana dawa.

Nami nina pumu tangu darasa la pili. Nimelelewa na pampu hiyohiyo, kwa hiyo naandika nikiyajua maumivu ya kukesha umekaa kitandani umeegemea mito, unahesabu pumzi.

Fikirieni mpira wa kumwagilia bustani ambao mtu ameukamata kwa ngumi. Maji yanapita kwa shida. Salbutamoli inailegeza ile ngumi, maana yake misuli inayozunguka njia ya hewa inalegea ndani ya dakika chache. Lakini mpira wenyewe kwa ndani umevimba, umekuwa mwekundu, unatoa ute mzito unaonata. Huo uvimbe (sisemi donge, nasema ule mwako wa ndani wa ngozi laini ya njia ya hewa) ndio ugonjwa wenyewe. Ngumi inakuja kwa sababu yake. Na salbutamoli haiugusi hata kidogo.

Dawa ya kutuliza huo uvimbe tunayo tangu zamani. Salbutamoli iliingia sokoni Uingereza mwaka 1969, na miaka mitatu tu baadaye, 1972, ikafuata beklometasoni ya kuvuta, ambayo ni steroidi. Zilipishana kidogo sana kuzaliwa. Ila moja ilipewa kazi ya "vuta ukibanwa" na nyingine "vuta kila siku hata ukiwa mzima". Nani kati yetu anakumbuka kuvuta dawa kila asubuhi wakati kifua kiko shwari? Ya bluu unaisikia ikifanya kazi. Ya kahawia, yaani ile ya beklometasoni, husikii kitu, inafanya kazi kimyakimya kwa siku na wiki. Watu wakashika ya bluu.

Mwaka 2000 Samy Suissa na wenzake walichapisha hesabu za wagonjwa wa jimbo la Saskatchewan, Kanada. Kila kopo moja la ziada la steroidi ya kuvuta ambalo mgonjwa alitumia ndani ya mwaka liliendana na kupungua kwa vifo vya pumu kwa asilimia 21. Makopo machache tu, dozi ndogo. Halafu 2020 Wasweden wakatazama kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya laki tatu na nusu: waliochukua pampu za bluu 11 au zaidi kwa mwaka walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wale waliochukua moja au mbili. Kijana wangu ana 19.

Sasa habari yenyewe iliyonifanya niandike. Badala ya kuendelea kumgombeza mgonjwa "mbona hutumii ya kila siku", watafiti waliamua kuiweka dawa ya uvimbe ndani ya mpulizo uleule anaoukimbilia akibanwa. Budesonidi inatuliza uvimbe, formoteroli inafungua kifua ndani ya dakika chache, zote katika pampu moja. Ukibanwa unavuta, na bila kufikiria umeshautibu uvimbe siku ileile unapopanda. Majaribio ya SYGMA yalitoka 2018. Katika la kwanza lenye watu 3,849 wenye pumu nyepesi, waliotumia mchanganyiko huu pale tu walipobanwa walipata mashambulizi makali pungufu kwa asilimia 64 kuliko waliotumia dawa ya kufungua peke yake. Aprili 2019 GINA, chombo cha kimataifa kinachotoa mwongozo wa pumu, kikaandika wazi kwamba hakishauri tena mtu mzima wala kijana wa miaka 12 kwenda juu kutibiwa kwa dawa ya kufungua peke yake.

Miaka imepita. Mimi bado nauza za bluu tupu kila wiki. Karibuni tujadili.

#2 Mwana wa Pangani

Ahsante mkuu kwa somo, lakini hapa kwenye steroidi naomba unielimishe. Mama yangu alipewa prednisoloni kwa ajili ya pumu. Akawa anaitumia kila akibanwa, akimaliza anatuma mtoto dukani. Miaka miwili uso ukawa duara kama mwezi, sukari ikapanda, leo anachoma insulini. Sasa unatuambia tuvute steroidi kila tukibanwa? Hizi si ndizo zilezile wanazomeza akina dada ili wanenepe?

#3 MfamasiaMoro

Mkuu, pole sana na mama, na nampa shikamoo. Swali lako ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye uzi huu, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa urefu.

Ndiyo, ni familia moja. Mwaka 1948 kule Mayo Clinic, Marekani, Philip Hench alimpa kotisoni, ambayo ni steroidi, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea, na baada ya siku chache akatembea. Dunia ikashangaa, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Halafu madhara yakaanza kuonekana: uso kuvimba, mifupa kulainika, sukari, presha, mtoto wa jicho. Tangu siku ile swali la wataalamu limekuwa moja: tutaifikishaje dawa hii pale tu panapowaka, bila kuimwagia mwili mzima?

Chukua kidonge. Dozi ya kawaida ya prednisoloni mtu mzima akibanwa vibaya ni miligramu 40 kwa siku. Inaingia tumboni, inapita kwenye damu, inafika mifupani, machoni, kwenye kongosho, na sehemu ndogo tu inafika kwenye mapafu. Miligramu 40 ni mikrogramu 40,000. Mpulizo wa budesonidi ni mikrogramu 200 hivi. Hata ukikumbuka kwamba budesonidi ni kali zaidi kwa uzito uleule, tofauti bado ni kubwa mno. Na ile inayodondokea kooni ukaimeza, ini linaivunja karibu asilimia 90 kabla haijaingia kwenye mzunguko wa damu. Walioibuni waliichagua kwa tabia hiyo.

Watafiti waliochambua rekodi za wagonjwa wa pumu wa Uingereza mwaka 2018 walikuta kwamba baadhi ya madhara ya steroidi za vidonge yanaanza kuonekana mtu akishafikisha jumla ya nusu gramu mpaka gramu moja katika maisha yake yote. Kozi ya siku tano mpaka saba ni miligramu 200 mpaka 280. Kozi nne tu, mkuu, na tayari umefika. Mama yako bila shaka alizipita hizo mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mpulizo unaozuia shambulio unamwokoa mtu na kile kidonge. Hiyo ndiyo hesabu.

Usinielewe kwamba vidonge ni sumu. Mtu akibanwa vibaya anavihitaji na vinaokoa maisha. Kila kitu ni wakati na mahali. Mnakumbuka korona: jaribio la RECOVERY la Oxford, Juni 2020, deksamethasoni, nayo ni steroidi, miligramu 6 kwa siku mpaka siku kumi. Waliokuwa kwenye mashine za kupumulia vifo vilipungua kwa theluthi, waliokuwa kwenye oksijeni kwa moja ya tano, na wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia chochote. Dawa ileile, dozi ileile. Aliyeimeza nyumbani kwa hofu alibeba madhara bila faida.

Wanaomeza deksamethasoni wanenepe wananiuma roho sana. Hilo linahitaji uzi wake.

#4 MamaJunior

Habari zenu. Mwanangu ana miaka sita, kila msimu wa vumbi tunalala hospitali. Tumepewa pampu, lakini nikimpulizia mdomoni anaimeza au inarudi nje. Nimeambiwa ninunue spesa, ile chupa ya kuwekea katikati, nikazunguka maduka manne sijaipata, la tano wanayo lakini bei imenishinda. Nifanyeje? Nampulizia mara nne nne nikitegemea moja itaingia.

#5 MfamasiaMoro

Mama, uko sawa kabisa kuhangaika na hilo. Pampu ikipulizwa mdomoni moja kwa moja, dawa inatoka kwa kasi inagonga ukuta wa koo. Kwa mtu mzima anayejua kuvuta, inayofika mapafuni inaweza kuwa asilimia 10 mpaka 20 tu. Kwa mtoto asiyeweza kupatanisha kubonyeza na kuvuta, hata hiyo haifiki. Spesa inapunguza kasi, matone makubwa yanabaki kwenye kuta zake, yale madogo ya mikroni moja mpaka tano yanabaki hewani kumsubiri mtoto avute. Hayo ndiyo yanayofika ndani.

Sasa nakupa kitu kilichotoka Afrika. Profesa Heather Zar na wenzake katika Hospitali ya Watoto ya Red Cross, Cape Town, walijaribu spesa za kununua, chupa ya plastiki ya nusu lita na kikombe cha plastiki chepesi kwa watoto wa miaka 5 mpaka 13 waliokuwa wamebanwa. Walichapisha kwenye jarida la Lancet mwaka 1999. Chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe ndicho kilichofeli.

Namna ya kuitengeneza: chukua chupa safi ya maji ya nusu lita. Pinda waya upate umbo la mdomo wa pampu, uupashe moto, kisha uyeyushe tundu kwenye kitako cha chupa. Mdomo wa pampu uingie kwa kubana, halafu ziba pembeni kwa gundi hewa isivuje. Fanya hivyo mtoto akiwa mbali, na acha chupa ikae mpaka harufu yote iishe. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa ndani, kwa sababu plastiki ikisuguliwa inajaa umeme tuli na dawa inanata kwenye kuta.

Mtoto anashika mdomo wa chupa kwa midomo yake. Tikisa pampu, bonyeza MARA MOJA, mwache avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita. Kisha ndipo ubonyeze tena. Ukibonyeza nne kwa mpigo matone yanagongana yanakuwa makubwa, yanaishia kwenye plastiki. Akimaliza ile ya steroidi asukutue mdomo na kutema, asipate utando mweupe ulimini. Mtoto wa chini ya miaka minne mitano anahitaji barakoa ya kufunika pua na mdomo; hapo omba msaada kliniki.

Na kuna habari njema mpya kwa watoto. Septemba 2025 lilitoka jaribio la CARE kutoka New Zealand, watoto 360 wa miaka 5 mpaka 15 wenye pumu nyepesi. Waliopewa budesonidi na formoteroli ya kuvuta wakibanwa walipata mashambulizi pungufu kwa asilimia 45 kuliko waliopewa salbutamoli. Kimo chao kilifuatiliwa, na hakikutofautiana kati ya makundi mawili. Mwulize daktari wa watoto kuhusu hilo, usianze mwenyewe.

#6 Nesi wa Kisumu

Naongeza kwa dada hapo juu. Mimi niko wodi ya dharura, upande wa Kenya. Usiku wazazi wanaingia wakilia "mashine, mashine!", wanataka nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa kama moshi wa kuvuta. Mashine iko moja, foleni ya watoto watatu. Mtoto ambaye hajazidiwa sana, pampu na spesa zinamsaidia sawasawa na mashine, tafiti zimeshalionyesha hilo mara nyingi. Lakini moshi wa mashine unaonekana, kwa hiyo mzazi anaamini. Nimejifunza kukaa na mama, namwonyesha mwanawe akifunguka kwa chupa ya soda, ndipo anakubali.

Jambo lingine ni aminofilini ya mshipa, dawa ya zamani ya kufungua kifua. Bado kuna vituo inachomwa kama dawa ya kwanza. GINA haishauri, faida ndogo, na moyo unaweza kwenda mbio vibaya. Tuiache.

#7 Mtu wa Leicester

Salaam kutoka Uingereza. Mimi nilikuwa nameza prednisoloni mara sita saba kwa mwaka, pamoja na pampu ya mchanganyiko. Mwaka wa tatu sasa nachomwa sindano ya benralizumabu kila baada ya wiki nane. Tangu nianze nimemeza kozi moja tu. Nauliza, kwa nini huko nyumbani hatusikii habari za hizi sindano? Binamu yangu Zanzibar anateseka kama nilivyoteseka mimi.

#8 MfamasiaMoro

Ahsante kaka, nimefurahi kwa ajili yako. Hizi ni dawa za kibayolojia, kingamwili zilizotengenezwa maabara zikalenga kitu kimoja tu katika mnyororo wa uvimbe. Omalizumabu ilitangulia mwaka 2003. Mepolizumabu 2015 na benralizumabu 2017 zinashughulika na eosinofili, chembe nyeupe za damu ambazo kwa baadhi ya wagonjwa ndizo zinazochoma njia ya hewa. Tezepelumabu ya Desemba 2021 inapanda juu zaidi, inazuia ishara inayotolewa na ngozi ya njia ya hewa yenyewe kabla vita haijaanza.

Kilichonigusa zaidi ni jaribio la ABRA lililoongozwa na Profesa Mona Bafadhel wa King's College London, lililochapishwa mwishoni mwa 2024. Walichukua watu 158 wenye eosinofili nyingi WAKIWA WAMEBANWA, wengine wana pumu, wengine ugonjwa wa mapafu wa wavuta sigara. Kundi moja prednisoloni, makundi mawili sindano moja ya benralizumabu, pamoja na vidonge au bila vidonge. Baada ya siku 90 matibabu yalikuwa yameshindwa kwa asilimia 74 ya waliopewa prednisoloni peke yake, dhidi ya asilimia 45 ya waliochomwa sindano. Angalia vizuri ile 74. Kidonge tunachokitegemea kiliwaacha watu watatu kati ya wanne wakihitaji tiba tena ndani ya miezi mitatu. Kuna pia depemokimabu, ambayo kwenye majaribio yaliyotoka 2024 ilichomwa mara mbili tu kwa mwaka na ikapunguza mashambulizi kwa zaidi ya nusu. Kwa mtu anayekaa mbali na hospitali, mara mbili kwa mwaka ni jambo kubwa.

Kwa nini huku hazisikiki? Bei ni ya kwanza, haina mjadala. Zinataka jokofu, nyuzi 2 mpaka 8, safari nzima. Na kuna la tatu ambalo huko Leicester halisemwi sana: kwetu eosinofili zinapanda pia kwa sababu ya minyoo na kichocho. Ukipima damu ya mtu wa kando ya ziwa ukakuta ziko juu, huwezi kukimbilia kusema ni pumu. Lazima utibu minyoo, upime tena. Majaribio haya yamefanywa zaidi kwa watu ambao tatizo hilo hawana, na ningependa kuona yakifanywa kwetu.

Ila kaka, binamu yako kabla ya kuota sindano, mwulize kwanza anavuta nini na anavutaje. Wengi wanaoitwa sugu wanavuta bluu peke yake, au wanavuta vibaya.

#9 Mti Mkavu

Hizi zote ni biashara za Wazungu. Utafiti unalipwa na kampuni, dawa inauzwa na kampuni. Bibi yangu aliishi na pumu miaka themanini kwa tangawizi na mafuta ya karafuu kifuani. Na hao waliojaribiwa ni Wazungu, mapafu yetu si yao.

#10 MfamasiaMoro

Mkuu, nakuheshimu na hoja zako mbili nazichukua kwa uzito.

Ni kweli, SYGMA ililipiwa na AstraZeneca, watengenezaji wa Symbicort, ambayo ndiyo budesonidi na formoteroli yenyewe. Ulikuwa na haki ya kutia shaka. Ndiyo maana nalipenda jaribio la PRACTICAL la New Zealand la 2019: watu 890, lililolipiwa na baraza la utafiti wa afya la serikali yao. Hao waliovuta mchanganyiko wakibanwa tu walilinganishwa na waliovuta steroidi kila siku pamoja na dawa ya kufungua. Mashambulizi makali yalipungua kwa asilimia 31. Mwelekeo ni uleule, mfuko mwingine.

Kuhusu rangi: jaribio la PREPARE, 2022, Marekani, watu wazima 1,201, wote Weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kwa sababu hao ndio wanaokufa zaidi kwa pumu kule. Waliachwa na dawa zao za kawaida, wakaongezewa kopo la beklometasoni, ile ya zamani. Maelekezo mafupi: kila ukivuta mpulizo mmoja wa dawa ya kufungua, vuta na mmoja wa hii, ukitumia nebulaiza, vuta mitano. Basi. Mashambulizi makali yakapungua kwa asilimia 15, na siku za kukosa kazi na masomo zikapungua. Hapo hakuna sindano ya mamilioni. Ni kopo la kahawia lililopo kwenye orodha za dawa muhimu za nchi zetu.

Tangawizi mnyweshe bibi, inampasha joto na inamliwaza. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu, ambako tangawizi haijawahi kukosekana.

#11 Boda wa Kihonda

Dada wa duka, nadhani unaniongelea mimi. Kama si mimi basi ni pacha wangu. Nilionyeshwa uzi huu na abiria. Sikujua kwamba kuna hatari, nilijua nikikosa ndio hatari. Sina bima. Hiyo ya mchanganyiko niliulizia, bei yake pampu moja ni kama nne za bluu. Nifanyeje mimi?

#12 MfamasiaMoro

Mdogo wangu, kwanza nakuomba radhi. Ilinipasa kukwambia uso kwa uso kabla ya kukuandika hapa, ingawa sikukutaja. Njoo dukani, nitakupima bure kwa kifaa unachopuliza kuonyesha kifua kimefunguka kiasi gani, na nitakuandikia barua ya kliniki.

Lakini kwa kuwa umeuliza hadharani na wengi wako kama wewe, najibu hapa.

Usiitupe ya bluu leo. Usikae bila dawa ya kufungua hata siku moja. Kama mchanganyiko unakushinda, mwombe daktari beklometasoni ya kahawia, na mzungumzie huo mpango wa kuvuta zote mbili kwa pamoja kila unapobanwa. Kwa matumizi yako ya mara kumi kwa siku, naamini atataka uivute pia asubuhi na jioni, na ana haki. Ukitulia utajikuta unanunua bluu chache, na fedha ya zile 19 inaanza kulipia ya kahawia. Piga hiyo hesabu mwenyewe kwa bei za mtaani kwako.

Ukipata mchanganyiko, soma jina la pili kwenye boksi. Likiwa FORMOTEROLI, inaweza kutumika ukibanwa. Likiwa SALMETEROLI, hapana, hiyo inachelewa kufungua na ni ya asubuhi na jioni tu. Maduka mengi yanauza zote mbili zikiwa na boksi zinazofanana, na nimeona watu wakipewa ya pili kwa maelezo ya ya kwanza. Naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu hiyo.

Kuvuta: simama, tikisa, toa pumzi yote, funga midomo vizuri kwenye mdomo wa pampu, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, shikilia mpaka kumi, toa. Mipulizo ya haraka haraka pale kibarazani kwangu inaishia kooni. Nimekuona.

Na kama umevuta ukashindwa kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, au midomo inabadilika rangi, hapo ni hospitali saa hiyohiyo, usiendeshe mwenyewe, mwambie mwenzio kijiweni akupeleke.

#13 Mwana wa Pangani

Mama amesema amepokea shikamoo, marahaba. Tumeenda kliniki jana. Ameanzishiwa ya kuvuta, na prednisoloni anapunguziwa pole pole kwa ratiba. Daktari amekataza kabisa kuikata ghafla, kasema mwili umeshasahau kutengeneza ya kwake. Niandike hilo hapa maana mimi nilitaka kuvitupa vidonge siku ileile niliyosoma jibu lako.

#14 MfamasiaMoro

Daktari yuko sahihi kabisa, na ni kosa langu kutoliandika mwanzoni. Aliyemeza prednisoloni muda mrefu ASIIKATE mwenyewe. Tezi zilizo juu ya figo zinalala, na mtu anaweza kuanguka presha na kufa. Ahsante sana kwa kulileta.

#15 Boda wa Kihonda

Narudisha majibu, wiki ya tano leo. Nilipata ya kahawia kituo cha afya, navuta asubuhi na jioni, na nikibanwa navuta zote mbili. Wiki mbili za kwanza sikuona tofauti nikataka kuacha. Wiki ya tatu nililala usiku mzima. Mke wangu aliniamsha akidhani kuna tatizo.

Swali langu: pampu ya bluu niliyonunua siku ya uzi bado inatoa dawa. Kijiweni wananiambia niitie kwenye maji, ikielea imeisha. Ni kweli?

#16 MfamasiaMoro

Si kweli, na maji yanaweza kuziba tundu la kutolea dawa. Na kopo linaweza kuendelea kutoa gesi wakati dawa imeshaisha, ukadhani unavuta kumbe hewa. Pampu yako haina kihesabio. Bandika karatasi kwenye kifuniko cha ndani cha boksi la helmeti, kila mpulizo piga mstari mmoja, ukifika 200 ibadilishe hata kama inatoa sauti.

Una mistari mingapi mpaka leo?

#17 Boda wa Kihonda

Sikuwa naweka mistari, lakini nakumbuka za wiki hii. Jumanne mara mbili, Ijumaa mara mbili kwenye vumbi la barabara ya Dodoma.

#18 MfamasiaMoro

Anza na hiyo minne. Andika na tarehe pembeni, na mahali ulipobanwa. Siku ya kliniki mpe daktari hiyo karatasi kabla hajakuuliza chochote.